Nzuri, Ila

Mwanangu Tumpe,

Umekwenda Mwanjelwa kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuruhusu uondoke mpaka umekula mara mbili. Nimebaki na begi lako hapa sebuleni. Ukungu wa Uyole umeshuka mapema leo, umeingia mpaka kibarazani bila kupiga hodi, na malori ya barabara kuu siyaoni, nayasikia tu yakishusha gia. Nimekaa mezani na karatasi. Kalamu nimeichagua makusudi. Kwenye laptopu ningeanza kusafisha, ningefuta hapa, ningenyoosha pale, na kesho ungeondoka na barua nadhifu isiyo na mama ndani yake. Kwa hiyo vumilia mikato.

Mambo ya kula, kuvaa na kusali sitayagusa. Umri wa kuambiwa uvae soksi umeshaupita, na hata ulipokuwa nao hukunisikiliza. Nataka tuzungumze juu ya safu moja ya jedwali. Najua unavyocheka. Mama mwingine angemwandikia binti yake habari za wanaume, mimi nakuandikia habari za Excel. Cheka, ukimaliza endelea kusoma.

Alhamisi iliyopita ulikaa kwenye kiti hiki hiki ukiandaa jedwali la tawi jipya la kampuni yetu ya vifaranga kule Ipogolo, Iringa, lile utakalolisimamia wewe. Nilisimama nyuma yako na birika la chai. Vidole vyako vinakimbia kuliko vyangu, na nilijisikia fahari ambayo sikukuonyesha kwa sababu ungevimba kichwa. Halafu ukafika kwenye safu inayoitwa Ila. Ukaibofya juu, ikawa ya bluu kutoka kichwani mpaka miguuni, ukasema bila kugeuka, "Mama, hii naitoa. Haihesabiki." Ukaifuta. Safu nyingine zikasogea kujaza pengo, na baada ya hapo usingejua kama pale palikuwa na kitu. Nilikumiminia chai. Wewe ukadhani nimekubali.

Sikukubali.

Habari za mzee Filemoni unazijua. Ulikuwa kidato cha nne, tulikwenda wote Madibira kumzika, ukanishika mkono pale kaburini nilipoanza kuyumba. Lakini wewe unaijua habari ile kwa upande wa msiba. Upande wa jedwali hukuuliza, na mimi nilikuwa nafunga mdomo kila ilipokaribia. Sasa unakwenda kukaa kwenye kiti kama changu, kwenye kampuni ile ile, kwa hiyo ni lazima uijue yote.

Siku zile kampuni ilikuwa hapa Uyole tu. Kulikuwa na mashine za kutotolesha, na nyuma yake mabanda ya kulelea vifaranga mpaka wapate nguvu ya kuuzwa. Baridi ya hapa unaijua. Mabanda yalipashwa moto kwa majiko ya mkaa, na pembeni yakafungwa turubai upepo usipite. Kila banda lilikuwa na mlezi wake. La tatu lilikuwa la mzee Filemoni, Msangu mrefu mwenye viganja vikubwa, ambaye alijifunza Kinyakyusa kidogo kwa ajili ya kunitania tu. Kila asubuhi ananiita kutoka mbali, "Ugonile, mama?" Ananiuliza kama nimelala. Mimi namjibu kwa Kiswahili kikavu, "Nimelala, mzee. Leta namba."

Namba zilikuja kwa simu. Bosi alikuwa amempa kila mlezi simu, nami nikatengeneza jedwali moja la mtandaoni ambalo wote tunaliona. Mtu akigusa kisanduku, kisanduku kinazungukwa na rangi yake, na jina lake linatokea juu. Filemoni alikuwa kijani. Nilipenda kufika ofisini asubuhi na kuona zile rangi zikitembea, moja hapa, moja kule, kila mtu yuko kwenye banda lake na wote wako kwangu mezani.

Safu zilikuwa chache: saa, joto, waliokufa, na hali ya banda. Kwenye hali ndipo waliponitoa jasho. Bosi alitaka nimwambie kila wiki ni banda lipi limekuwa na hali nzuri kwa siku nyingi zaidi. Hiyo ni kazi ya COUNTIF, hata ukiwa usingizini unaiandika. Unaionyesha safu, unaipa neno, inahesabu. Niliipa neno Nzuri. Ikaniletea sifuri. Safu nzima imejaa nzuri, na mashine inasema hakuna hata moja.

Nikaangalia vizuri. Kila mlezi alikuwa ameandika kama anavyozungumza. Nzuri ila mmoja anachechemea. Nzuri ila maranda yameloa. Nzuri tu ila kuna panya. Sisi tumekulia katika maneno haya, hatushangai. Mtu ukimuuliza za nyumbani anakwambia nzuri, halafu anavuta pumzi na kukwambia ila tumefiwa. Nzuri ni kukukaribisha ndani, habari yenyewe inakuja ukishakaa. COUNTIF haikai. Inataka neno moja, sawa na ulilolipa, basi.

Ningeweza kuongeza kinyota mwishoni mwa neno, nikaandika Nzuri na nyota, na ingehesabu zote zinazoanza hivyo. Hesabu ingekuwa na kasoro, lakini maneno yangebaki. Sikufanya hivyo. Data chafu inanitia hasira ya kweli, hasira ya kutaka kumfinya mtu, na ugonjwa huo umeurithi wewe mzimamzima. Nikatafuta neno ila pamoja na kila kinacholifuata, nikaamuru libadilishwe na patupu. Bonyezo moja. Jedwali likanyooka kama shuka lililopigwa pasi. Halafu, ili wasinirudie tena na maneno yao, nikafunga safu ile kwa orodha ya kuchagua: Nzuri, Wastani, Mbaya. Anayeandika kingine anakataliwa, na maandishi mekundu ya kumkatalia niliyatunga mwenyewe, "Chagua jibu lililopo."

Nilizisoma kabla sijazifuta, Tumpe. Sitaki udhani sikuziona. Za Filemoni zilikuwa zinafuatana. Nzuri ila kichwa kinauma. Nzuri ila kichwa tena leo. Nzuri ila wanalala sana, na mimi pia. Nilisema kwa sauti, peke yangu ofisini, huyu mzee ananiletea habari za kichwa chake kwenye jedwali la kuku. Nikabonyeza.

Kuanzia hapo mabanda yote yakawa Nzuri. Nani kati yetu ukimuuliza hali atakujibu mbaya? Ni kama kukutukana. Nilikuwa nashusha jedwali chini, chini, Nzuri, Nzuri, Nzuri, na mara moja moja nilipata kibaridi mgongoni bila kujua kinatoka wapi. Ilikuwa kama kupita kwenye mtaa ambao nyumba zote zina taa na hakuna anayezungumza. Nilidhani ni dirisha. Nikaenda kulifunga.

Kulikuwa na mengine mawili ambayo nilipaswa kuyaona. Safu ya waliokufa, Filemoni alikuwa anaiacha wazi siku nyingi. Alikuwa na tabia ya kutoandika mpaka amewafukia, na akishawafukia anasahau. Sasa AVERAGE, ile ya kutafuta wastani, ikikuta sifuri inaihesabu, ikikuta nafasi tupu inaruka kama haipo. Kwa hiyo siku zake mbaya zote ziliruka, zikabaki nzuri peke yake, na banda la tatu likaonekana kuwa ndilo bora kuliko yote. Mimi nikampelekea bosi chati. Bosi akafurahi, akauliza huyu mzee anafanyaje. Nikaenda kumwangalia, nikaona anafunga turubai zake mpaka chini, hakuna hata mwanya. Nikawaambia walezi wengine wamuige.

La pili ni saa. Ameandika 10:00, kompyuta inasoma saa nne ya asubuhi. Nikawa najiuliza mbona banda la tatu lina baridi wakati jua limeshawaka, nikahitimisha kipimajoto chake ni kibovu. Yeye alikuwa anaandika saa kumi ya alfajiri. Aliandika kama mtu yeyote wa hapa anavyosema saa, na mimi niliyezaliwa hapa nikamsoma kama mgeni. Ningemsoma sawa, ningejua halali nyumbani. Ningejua kwamba wakati ule wote yuko ndani ya banda, turubai zimefungwa, jiko linawaka.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya ukungu kama huu wa leo. Vifaranga wazima unawasikia tangu getini, wanalia wote kwa pamoja, sauti inakuwa kama mvua ya mbali juu ya bati. Nikatembea kwa kuifuata sauti kwa sababu macho hayakufaa kitu. Banda la kwanza, sauti. La pili, sauti. Halafu nikaingia mahali pasipo na sauti. Mbele yangu nalisikia banda la nne, nyuma nalisikia la pili, na katikati pametoboka. Nilisimama. Hakuna aliyeniuliza kama nimelala. Nilitoa simu nikafungua jedwali, sijui kwa nini, nadhani nilitaka linikanushie. Banda la tatu alikuwa ameshalijaza. Nzuri.

Alikuwa amekaa ameegemea ukuta, blanketi mabegani, simu kiganjani. Vifaranga walikuwa wamelala kwenye maranda wote, wametulia, wengine juu ya miguu yake. Jiko lilikuwa bado jekundu. Hapakuwa na harufu ya kitu chochote isipokuwa harufu ya banda.

Daktari alisema ni hewa ya mkaa. Haionekani wala hainuki, alisema, inaanza na kichwa, halafu inaleta usingizi. Nilimsikiliza akiyasema kwa mpangilio ule ule niliokuwa nimeusoma na kuufuta. Hakuna aliyenilaumu. Bosi aliondoa majiko yote, akatoboa kuta akaweka matundu ya hewa, akanipa likizo. Mjane wake, mama Eliza, alinikumbatia pale Madibira mbele yako na kunishukuru kwa kuja. Jedwali halina mtu wa kulilaumu, mwanangu. Kila mmoja kajaza alichoulizwa.

Niliporudi kazini, banda la tatu lilikuwa tupu, linapulizwa dawa. Nikaliacha kwenye jedwali na safu zake wazi. Asubuhi moja nafungua, kabla walezi hawajaanza kujaza, naona kijani. Kisanduku cha hali, banda la tatu, tarehe ya asubuhi hiyo hiyo. Juu yake limeandikwa Filemoni.

Mimi ni mtu wa kwaya, unanijua, mambo ya mizimu nayaona ni uvivu wa kufikiri. Lakini nilitoa mkono kwenye kibodi. Kile kijani hakikuandika kitu. Kilikaa pale, kikakaa, halafu kikaondoka. Kesho yake kikarudi. Na kesho yake tena. Nilianza kufika ofisini mapema kukisubiri, na nikifika naogopa kufungua. Nilikwambia, unakumbuka? Ulikuwa unakula ndizi hapo jikoni, ukaniambia, "Mama, si umwondolee tu ruhusa." Ulikuwa sahihi kabisa, ni mibofyo michache. Nikashindwa. Nilihisi nitakuwa nimemfuta mara ya pili.

Halafu siku moja kikaandika. Nikiwa natazama. Neno likatokea lenyewe mbele ya macho yangu: Nzuri. Nikasubiri. Kijani kikabaki pale pale kinapepesa, kikapotea. Nilijikuta nimesimama, mgongo uko ukutani, na kiti kimeanguka.

Nikapiga namba ya mzee. Ni jambo ambalo mtu mwenye akili angelifanya siku ya kwanza, lakini woga unafanya mtu awe mjinga. Simu ikaita, ikapokelewa.

"Haloo."

Ilikuwa sauti ya mama Eliza. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu. Nikamuuliza habari za Madibira.

"Nzuri, mwanangu."

Zamani hapo ningeingia moja kwa moja kwenye shida yangu. Siku ile sauti haikutoka, basi nikanyamaza tu, nikawa nasikia upande wa pili watu wanapiga madebe kufukuza ndege kwenye mpunga. Na kwa kuwa nilinyamaza, akaendelea.

"Nzuri, ila hii simu ya mzee, lile lenu la mabanda sijui kulifunga. Siku ya kugawa vitu vyake koti alichukua mdogo wake, simu wakanipa mimi. Sasa nikiiwasha asubuhi inaleta mabanda. Nikigusa pale, jina lake linatokea juu, lina rangi yake. Basi nakaa nalo hapo kidogo, ndo nakwenda shamba. Mtaniondolea?"

"Hapana, mama. Kaa nalo."

"Ehee."

"Na ile Nzuri, ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi. Si iliniuliza hali? Nikajibu. Mtu akikuuliza hali utamwambiaje? Nilitaka niendelee, ikaleta maandishi mekundu. Ikanikatalia."

Nikamuuliza alitaka kuandika nini. Madebe yakapigwa kwa muda mrefu huko mpungani.

"Nilitaka kuandika nzuri, ila mwenyewe hayupo."

Nililia, Tumpe. Nililia ofisini mlango ukiwa wazi, mbele ya watu wa chanjo waliokuja kusainiwa karatasi zao. Mkono uliomkatalia mama yule ulikuwa wangu, na kabla ya kumkatalia yeye ulikuwa umemkatalia mume wake, kwa maandishi yale yale.

Mchana ule niliongeza safu. Sikuiita Maoni, sikuiita Maelezo, kwa sababu hayo ni maneno ya ofisi na mtu akiyaona anaandika "hakuna". Niliiita Ila, nikaiweka ubavuni mwa Hali, wazi, isiyo na orodha wala maandishi mekundu. Mlezi akichagua Nzuri, macho yake yanakutana na Ila, na mkono unaendelea wenyewe kama mdomo unavyoendelea. Ni kweli haihesabiki. Inasomwa. Kila asubuhi nakaa naisoma yote kabla sijagusa hesabu yoyote, na ikifika mchana kuna ila ambazo nimezifuata kwa miguu. Waliokufa sasa nawahesabu pamoja na COUNTBLANK pembeni, nione ni siku ngapi banda halikusema kitu, kwa sababu sifuri ni jibu na patupu si jibu, ni mtu ambaye hajajibu. Nikikuta patupu napiga simu. Saa nimezigawa: mlezi anachagua kwanza alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, ndipo anaandika saa kama anavyoisema kwao.

Najua unayajua mengi kuliko mimi. VLOOKUP yako ya kutafutia haikosei hata siku moja, unakumbuka kuandika FALSE mwishoni isije ikakuletea jirani wa mtu unayemtafuta. TRIM, ya kuondoa nafasi zilizozidi, unaipitisha kila mahali. Lakini nimeona unavyoipenda IFERROR, unavyoivisha kila fomula ili yale makosa yasionekane mbele ya bosi. Inanishtua kila nikiiona. Ni shuka analofunikwa mtu usoni. Kosa likitokea liache litokee, lione limekaaje, liulize linataka nini, ndipo uamue. Na kile kilichokuja kutoka bandani, kama kilivyokuja, na tahajia yake mbovu, kiwekee shiti yake na uifunge, mtu asiiguse, wewe mwenyewe usiiguse hasa siku ukiwa na hasira. Safisha nakala. Mimi nilisafisha mwili wenyewe.

Sasa nakuja kwenye sababu ya barua hii. Nimezunguka kwa sababu sipendi kuisema.

Ijumaa asubuhi, siku moja baada ya wewe kufuta safu, nilifungua lile jedwali la Ipogolo kuangalia ulipofikia. Hakukuwa na mtu mwingine ndani. Wewe ulikuwa umelala, nasikia unavyokoroma. Na pale Hali inapoishia, ambapo Ila ilikuwepo na sasa haipo, palikuwa na kijani. Filemoni. Kimesimama kwenye kisanduku cha safu iliyosogea kujaza pengo. Kikakaa. Kikaondoka.

Nilijiambia ni mama Eliza. Nikampigia, kwa namba yake mwenyewe ya siku hizi. Shikamoo, marahaba, nzuri. Nikasubiri ila yake, ikaja, mpunga mwaka huu maji yamechelewa. Ndipo nikamuuliza kama bado anafungua yale mabanda kwenye simu ya mzee. Akacheka kidogo. Akasema simu ile ilikufa tangu masika, betri ilivimba ikainua mfuniko, ameifunga kwenye kitambaa iko sandukuni chini ya vitenge vyake.

Sijui, mwanangu. Labda akaunti yake ilibaki mahali fulani, labda ni mtandao unaokumbuka vitu kwa kuchelewa. Wewe utanieleza kitaalamu, na nitatikisa kichwa. Sikuandikii hili nikutishe. Nakuandikia kwa sababu lilitokea, na nilishaapa sitakata sentensi katikati kwa sababu mwisho wake haunipendezi.

Kinachonitisha hakiko kwenye simu ya marehemu. Kiko Ipogolo. Uliniambia kule mtaanza na majiko ya gesi, na kwa sababu ya vibaka mlezi atalala na vifaranga. Ukaniambia mmeshampata, binti wa Kilolo, mcheshi, ana mtoto mchanga na atalala naye humo humo mpaka apate chumba. Ulinisimulia kwa furaha, unavyompenda. Gesi nayo ni moto, Tumpe, na Iringa nako kuna miezi ya baridi ambayo mama mwenye mtoto atafunga turubai mpaka chini. Siku ya kwanza ukimuuliza hali, atakujibu nzuri. Atakujibu hivyo akiwa anaumwa, atakujibu hivyo mtoto amelegea mgongoni, kwa sababu amelelewa vizuri na wewe ni bosi wake. Ukimpa orodha ya kuchagua, atachagua, atakushukuru, na jedwali lako litakuwa zuri sana.

Safu nimeirudisha. Utaikuta mahali pake. Nimefanya bila kukuomba ruhusa na unaweza kunikasirikia njiani kote, kuna muda wa kutosha kati ya hapa na Makambako. Lakini ukifika, kabla hujafungua laptopu mbele ya mtu yeyote, nenda bandani kwa yule binti. Angalia matundu ya hewa kwa macho yako. Muulize za asubuhi, na akishasema nzuri, kaa. Usijaze wewe kile kimya.

Nasikia geti, nadhani ni wewe, na mbwa wa jirani amekujua. Nimalizie haraka niifiche barua hii kwenye begi, chini ya lile sweta ambalo hutalivaa.

Nimekuwa nikijisifu miaka yote kwamba mimi si mama wa kulialia. Uliposema umepata kazi Ipogolo nilisema vizuri sana, nikaenda kuanua nguo. Uliponiuliza jana kama nitakuwa sawa peke yangu nilisema niko vizuri, hata hukumaliza swali. Nimejijaza mwenyewe kwa orodha ya maneno matatu, na wewe umekuwa ukinihesabu hivyo tangu ukiwa mdogo, na kila mara imetoka Nzuri.

Kesho ukishuka kwenye gari utanipigia. Utaniuliza habari za Uyole, na mimi nitakujibu nzuri, kwa sababu sijui kujibu vingine.

Usikate simu.

Mama yako